UZI: Mabamba ya mfupa ya jamaa wa kale wa mamba, kutoka Ruhuhu na Rukwa hadi Arizona

Mamba wa Kale (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila tukizungumzia visukuku hapa jamvini, mjadala huishia kwa dinosaria wa Tendaguru. Ni haki yao, ule ni urithi mkubwa. Ila kuna ukoo mwingine uliotembea kwenye ardhi hii mamilioni ya miaka kabla ya Tendaguru, na mjukuu wake bado yupo: mamba ambaye wavuvi wa Rufiji na Ziwa Rukwa wanaishi naye kila siku. Leo nataka tuwaangalie jamaa wa kale wa mamba, hasa wale waliobeba mabamba ya mfupa mwilini.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea. Mabamba yale huelezwa kama ngao ya kuzuia meno ya adui, basi. Mimi nasema yale ya mgongoni yalikuwa kwanza sehemu ya mfumo wa uti wa mgongo. Anayejua kuyasoma hupata dalili za namna mnyama alivyobeba mwili wake, hata pale ambapo mifupa ya miguu imepotea.

Tuanze na mamba wa leo. Yale matuta ya mgongoni yana tabaka mbili. Juu kuna gamba gumu la aina ileile ya kucha. Chini yake kuna bamba la mfupa halisi, limeota ndani ya ngozi, uso wake wa juu una vishimo vingi na ndani kuna mishipa ya damu. Wataalamu huliita osteodemu. Halikuungana na mbavu wala pingili (mifupa inayounda uti wa mgongo), lakini chini yake kuna misuli na kano zinazolifunga kwenye uti wa mgongo. Kano hizo ndizo kiini cha uzi huu.

Mamba akioza, gamba la juu hupotea na bamba la mfupa hubaki. Kila mnyama ana mabamba mengi, kwa hiyo kwenye miamba ya kale mara nyingi ndiyo yanayookotwa mwanzo, wakati fuvu halionekani kabisa.

Nitaendelea. Maswali yanaruhusiwa katikati.

---

Songea Kwetu

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Kuna mwaka nilisikia kuna mnyama wa kale amepewa jina la Songea. Ni wa ukoo huu huu unaousema?

---

Mamba wa Kale

Ndiye, ndugu yangu. Anaitwa *Nundasuchus songeaensis*. Alitoka kwenye miamba ya Manda, bonde la mto Ruhuhu, ule unaomwaga maji Ziwa Nyasa. Miamba ile ni ya Triasiki ya kati (Triasiki ni kipindi cha kale kilichotangulia Jurasiki, kisha ikaja Kretasia), kama miaka milioni 240 iliyopita.

Mtaalamu wa visukuku Sterling Nesbitt alimkuta mwaka 2007 akiwa amesambaratika vipande maelfu. Kumuunganisha kulichukua saa zaidi ya 1,000, na maelezo ya kisayansi yakatoka mwaka 2014. Alikuwa na urefu wa kama mita 2.7, mwili mzito, meno bapa yenye makali ya msumeno, na mabamba ya mfupa juu ya uti wa mgongo. Miguu yake ilisimama chini ya mwili. Haikutanuka pembeni kama ya mjusi.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Tumezoea kumwona mamba akijiburuta ukingoni, tunadhani ukoo mzima ulikuwa hivyo. Sivyo. Wengi wa ukoo huu enzi za Triasiki walikuwa wa nchi kavu, wakitembea tumbo likiwa juu kabisa ya ardhi. Maji yalikuja baadaye, kwa baadhi yao.

Na Ruhuhu haina huyo tu. Mwaka 1933 F. R. Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa mingi kule. Sehemu yake ikamfikia Alan Charig, akaiandikia tasnifu mwaka 1956 na kumwita mmoja wao *Mandasuchus*. Lakini jina lilibaki kwenye tasnifu, halikuchapishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Vitabu vikawa vinalitumia kwa miongo sita bila mnyama mwenyewe kuelezwa rasmi! Charig alifariki mwaka 1997. Maelezo rasmi yalitoka mwaka 2018, na walioyaandika wakaliweka jina lake miongoni mwa waandishi. Kwangu hilo ni jambo la heshima sana. Mifupa yenyewe iko London, kwenye Natural History Museum.

Mandasuchus naye alikuwa na mabamba, yamepangwa jozi jozi kufuata mgongo. Mpangilio wa safu mbili, moja kila upande wa mstari wa katikati, unauona pia kwa *Ticinosuchus* wa Monte San Giorgio kule Uswisi, aliyehifadhiwa karibu mwili mzima. Ni mpangilio wa kale kabisa katika ukoo huu.

---

Dada Neema

Kaka, hapo kwenye "sehemu ya mfumo wa uti wa mgongo" ndipo sijaelewa. Kama bamba liko kwenye ngozi, linausaidiaje mgongo? Tueleze taratibu tafadhali.

---

Mamba wa Kale

Swali zuri dada, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mnyama mrefu akisimama kwa miguu minne, kiwiliwili chake kinashikiliwa begani na nyongani. Katikati hakuna kitu chini. Uzito wa matumbo unavuta mgongo ushuke. Akitembea, mgongo unapinda kulia na kushoto, na pingili zinataka kujisokota. Kinachotakiwa ni kitu cha kuuzuia usilegee, ila usigandishwe pia.

Mjerumani Eberhard Frey alichambua mamba wa leo miaka ya 1980, misuli kwa misuli, akaonyesha kwamba safu za mabamba, misuli mirefu ya mgongo na pingili hufanya kazi kama kitu kimoja. Misuli imeshikizwa chini ya mabamba. Ikivuta, mabamba yanabanana na mgongo unakazwa kutoka juu. Baadaye yeye na Steven Salisbury wakaufuatilia mfumo huo kwenye visukuku.

Sasa angalia mfano unaonikosha mimi kila nikiutazama: jamii ya *Goniopholis*, ya mwisho wa Jurasiki na mwanzo wa Kretasia. Pingili zao zilikuwa bapa au zenye kibonyeo kidogo pande zote mbili, hazikushikana sana zenyewe kwa zenyewe. Mgongoni walikuwa na safu mbili tu za mabamba mapana, na kila bamba lina jino la mfupa kwenye kona ya mbele upande wa nje. Jino hilo linaingia chini ya bamba lililotangulia. Bamba linaweza kuteleza kidogo, haliwezi kuchomoka. Pingili dhaifu, mabamba yaliyofungana. Unaona mgawanyo wa kazi?

Kisha wakaja jamaa wa karibu zaidi wa mamba wa leo, kama *Isisfordia* wa Queensland, Australia. Hawa wameanza kuwa na pingili zenye tundu mbele na kichwa cha mviringo nyuma, kila moja inakaa ndani ya mwenzake. Na hapohapo zile safu mbili za mabamba mapana zinagawanyika kuwa safu nne au zaidi za mabamba madogo, jino la kufungana limetoweka. Pingili zilipoweza kujishikilia, mabamba yakapunguziwa mzigo, na mwili ukapata uwezo wa kupinda zaidi.

Kama mabamba yangekuwa ngao peke yake, sioni kwa nini yabadilike sambamba na umbo la pingili.

---

Kijana wa Kyela

Uzi umetulia sana mkuu. Hapa nilipo nasoma huku nachora kwenye daftari.

---

Mwalimu wa Baiolojia

Ndugu mleta uzi, hongera. Ila umeruka kundi ambalo kwa mabamba halina mpinzani, aetosauri. Usipowaeleza hao uzi huu utakuwa na pengo.

---

Mamba wa Kale

Sijawaruka mwalimu, nilikuwa nawatengea nafasi yao.

Aetosauri waliishi Triasiki ya mwisho na wakatoweka wote kipindi hicho kilipokwisha, kama miaka milioni 201 iliyopita. Ni wa upande wa mamba katika mti wa ukoo, lakini si mababu wa mamba; ni tawi lililokatika. Na wa kwanza kupewa jina aliwasumbua watu. Mwaka 1844 Louis Agassiz aliyaeleza mabamba kutoka Elgin, Uskoti, akayaona kuwa magamba ya samaki, akamwita *Stagonolepis*. Thomas Huxley ndiye aliyeonyesha baadaye kuwa ni mnyama wa jamii ya mamba. Simlaumu Agassiz. Alikuwa bingwa wa samaki wa kale, na samaki wengi wa kale wana magamba mazito ya mfupa yenye nakshi.

Mwaka 1877 Oscar Fraas akatangaza jiwe moja kutoka Stuttgart lenye mifupa ya *Aetosaurus* zaidi ya 20 wamelaliana, wadogo wote, kila mmoja chini ya mita moja. Mabamba yao yamebaki mahali pake. Kwa mwanaanatomia jiwe lile ni hazina, kwa sababu bamba lililookotwa peke yake halikwambii lilikaa wapi mwilini.

Mpangilio ni huu. Mgongoni kuna safu nne za urefu: mbili za katikati, mapana, na moja kila ubavu. Kila mstari wa kukata mgongo unalingana na pingili moja ya uti, moja kwa moja. Ukingo wa mbele wa bamba una ukanda laini usio na nakshi, na juu ya ukanda huo ndipo bamba lililotangulia linapolalia, kama vigae vya paa. Nyuma ya ukanda nakshi zinaanza: vishimo na mifereji inayotawanyika kutoka kwenye kituta, au vishimo visivyo na mpango. Tumboni kuna mabamba mengine ya mraba, mkia umezungukwa juu na chini, na hata miguuni kuna vibamba vidogo.

Ndani ya mpangilio huo mmoja kila jamii ilikwenda njia yake. *Typothorax* wa New Mexico na Arizona alikuwa mpana kama sinia, mabamba yake ya katikati yametanuka sana kwa upana huku yakiwa mafupi mbele-nyuma. *Desmatosuchus*, aliyefika mita 4 na ushee, alikuwa na miiba upande wa shingo, na ule wa begani ulikuwa mkubwa kuliko yote, umejikunja kuelekea nyuma. Mwiba huo ni bamba la ubavuni lililorefuka. Tena kwake yeye ukanda wa mbele ni tofauti: badala ya kunyanyuka, umebonyea.

Kichwa kilikuwa kidogo ukilinganisha na mwili, ncha ya pua imenyanyuka kidogo na haina meno, inafaa kufukua. Meno ya nyuma ni madogo yenye umbo la jani. Walikula mimea, pengine na wadudu na mizizi waliyoichimbua. Katika ukoo ambao wengi walikuwa walaji nyama, hawa ndio walioshika njia ya mboga.

---

Kijana wa Kyela

Kwa hiyo tuseme walikuwa kama kakakuona?

---

Mamba wa Kale

Kwa kuwatazama, ndiyo. Kwa anatomia, hapana. Magamba ya kakakuona hayana mfupa ndani, ni dutu ileile ya kucha. Ya aetosauri ni mfupa, na juu ya mfupa ilikuwepo tabaka ya gamba ambayo haikubaki.

---

Mwalimu wa Baiolojia

Nashukuru kwa maelezo, lakini nina hoja ya kupinga. Spishi nyingi za aetosauri zimepewa majina kwa kutazama mabamba tu. Mnyama mmoja ana mabamba ya shingo, ya kiwiliwili, ya mkia, kila sehemu na umbo lake. Mtoto na mkubwa nao hawafanani. Je, hatujazalisha spishi ambazo hazikuwahi kuwepo?

---

Mamba wa Kale

Mwalimu, hofu yako ni halali na wanaofanya kazi hiyo wanaijua. Robert Long na Karen Ballew walionyesha mwaka 1985 kwamba nakshi na umbo la mabamba vinatosha kutenganisha aetosauri wa kusini-magharibi mwa Marekani. Njia hiyo ilileta mwanga, na ilileta pia majina mengi yaliyobishaniwa baadaye. Watu kama William Parker wa Petrified Forest National Park, Arizona, wametumia miaka mingi kulinganisha bamba na bamba la sehemu ileile ya mwili, kwa kutumia mifupa iliyokutwa imeungana. Hilo ndilo sharti. Bamba la mkia usililinganishe na la begani.

Na tahadhari yako inahusu meno kuliko hata mabamba. Kuna *Revueltosaurus*. Alijulikana kwa meno peke yake, yenye umbo la jani, akawekwa kati ya dinosaria walaji mimea wa mwanzo kabisa. Kisha mwaka 2004 mifupa yake ikapatikana palepale Petrified Forest, na mwaka 2005 Parker na wenzake wakatangaza: ana kifundo cha mguu cha ukoo wa mamba, na mabamba mgongoni. Ni jirani wa aetosauri! Ramani ya dinosaria wa Triasiki ikabidi ichorwe upya, maana meno mengine ya namna ile nayo hayakuweza tena kuaminika.

Hicho kifundo nacho kidogo: kwenye ukoo huu mifupa miwili ya kifundo inazungukiana, mmoja una kichwa na mwingine tundu, na kisigino kina nundu inayochomoza nyuma kwa ajili ya msuli wa kuusukuma mguu. Mamba wa leo anacho.

---

Dada Neema

Kichwa cha uzi kimetaja Rukwa na bado hujafika. Tunasubiri kaka.

---

Mamba wa Kale

Nimefika dada.

*Pakasuchus kapilimai*. Bonde la Ufa la Rukwa, miamba ya Galula, kipindi cha Kretasia, kama miaka milioni 105 iliyopita. Kisukuku kikuu kilipatikana mwaka 2008, kikatangazwa mwaka 2010 na Patrick O'Connor wa Ohio University pamoja na wenzake, wakiwemo Watanzania Sifa Ngasala na Jesuit Temba. Jina la pili ni heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alikuwa na ukubwa wa paka wa nyumbani, fuvu linaenea kiganjani. Taya lilikuwa limefumba, kwa hiyo ilibidi CT-skani (picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya kitu) itumike kuyaona meno bila kuvunja kitu. Walichokiona ni ajabu kwa ukoo wa mamba: meno ya mbele kama chonge, ya nyuma kama magego, na ya juu yanakutana na ya chini kwa kingo za kukatia. Mamba wa leo humeza vipande. Huyu alitafuna. Miguu yake ilikuwa myembamba, ya mnyama mwepesi wa nchi kavu.

Na mabamba? Mgongoni yamepungua sana. Mkiani yapo tele.

---

Mwalimu wa Baiolojia

Sasa hapo hoja yako inayumba. Umesema mabamba hukaza mgongo wa mnyama anayesimama juu ya miguu. Pakasuchus alisimama, alikimbia, na mabamba ya mgongo yamepungua sana. Alikazwa na nini?

---

Mamba wa Kale

Nilitarajia swali hili litoke kwako.

Jibu langu ni udogo wake. Urefu wa mnyama ukiongezeka mara 2 bila umbo kubadilika, uzito unaongezeka mara 8 lakini eneo la mkato wa mfupa na msuli, ambalo ndilo hubeba nguvu, linaongezeka mara 4 tu. Geuza hesabu hiyo: mnyama mdogo anabeba uzito kidogo sana kulinganisha na nguvu ya misuli yake. Mwili wa ukubwa wa paka unaweza kushikiliwa na misuli na pingili peke yake. Kilichobaki kwake ni faida ya kupinda na kugeuka haraka anapofukuza windo. Ushahidi mwingine unatoka baharini: *Metriorhynchus* na jamaa zake wa Jurasiki, waliogeuza miguu kuwa makasia, walipoteza mabamba yote. Maji yaliwabebea uzito.

---

Mwalimu wa Baiolojia

Na *Simosuchus* wa Madagaska? Hakufika hata mita moja, na mwili wote ni mabamba. Mgongo, tumbo, mkia, mpaka miguu. Ni ndugu wa mbali wa huyo Pakasuchus wako.

---

Mamba wa Kale

Hoja nzito, na naikubali kwa sehemu yake. Udogo unaruhusu mabamba yapungue, haulazimishi. Simosuchus alikuwa na mwili mpana, pua butu, meno ya kula mimea. Hakuwa wa kukimbiza mtu.

Ila angalia mahali mabamba yake yalipo. Bamba la mguuni au tumboni haliwezi kuukaza uti wa mgongo. Hayo yalikuwa na kazi nyingine: kinga, na kuna nyingine wengi hawazijui. Kaimani, jamaa wa mamba wa Amerika Kusini, akibanwa pumzi muda mrefu, mabamba yake huchukua asidi ya laktiki (inayotolewa na misuli ikikosa hewa) kutoka kwenye damu na kuipunguzia makali. Aligeta jike, naye jamaa wa mamba, akitengeneza mayai hutoa madini kwenye mabamba yake. Kwa hiyo naiweka hoja yangu sawasawa: mabamba yaliyo juu ya pingili, yanayolingana nazo idadi na yenye alama za kulaliana au kufungana, hayo ni ya mgongo. Yaliyotawanyika kwingine yasomwe kwa namna nyingine. Katika jamii hiyohiyo ya Simosuchus kuna *Armadillosuchus* wa Brazili, aliyeelezwa mwaka 2009: shingoni mabamba yameungana kuwa ngao isiyopinda, nyuma yake yapo kwa mikanda inayocheza. Kazi mbili kwenye mgongo mmoja.

---

Songea Kwetu

Mkuu, mimi kwetu ni karibu na Ruhuhu kabisa. Nikienda likizo nikakutana na bamba kama hilo korongoni nitalijuaje, na nifanye nini?

---

Mamba wa Kale

Tazama vitu vitatu ndugu yangu. Uso mmoja una vishimo au mifereji, na mwingine ni laini, pengine una mistari myembamba inayokatana. Ukingo uliovunjika unaonyesha mfupa: tabaka gumu nje, vitundu vitundu katikati. Na ukingo mmoja una ukanda laini usio na nakshi, pale bamba jingine lilipolalia.

Ukiliona, usilichimbe wala usiondoke nalo. Likihama mahali pake linapoteza tabaka la mwamba lilimotoka, na bila tabaka hakuna umri. Liwekee kitu pembeni, kama sarafu au kalamu, upige picha, na upige nyingine ya mbali inayoonyesha korongo lote. Kama simu yako ina GPS, hifadhi sehemu hiyo. Kisha toa taarifa serikali ya kijiji na kwa watu wa Mambo ya Kale. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimba kunahitaji kibali. Angalia pia upande wa juu wa mteremko, maana mvua huteremsha vipande, na mwili wenyewe unaweza kuwa bado uko ndani ya ukuta wa korongo.